Waraka kwa Walimu wa Karate wa Moshi na Mlimani: Fungueni Daftari

Kwa walimu, wasaidizi wao, na wanafunzi wa mkanda wa kahawia na kuendelea, katika madojo ya Moshi mjini, Kibosho, Uru, Machame, Marangu na Himo.

Ndugu zangu,

Naandika usiku, baada ya mazoezi, katika mwezi huu wa sita ambao mlima umejifunika wiki nzima na watoto wanafika dojoni wamevaa sweta juu ya gi. Baadhi yenu mmeniomba tangu mwaka juzi niseme wazi yaliyotokea baada ya msiba wa mwalimu wangu. Nilisita, maana wapo walioumia na bado wanaumia. Leo nasema, kwa sababu naona mambo yale yale yanaanza kuchipua kwingine, na safari hii bado tuna muda wa kuyazuia.

Mwalimu alifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Alijifunzia Dar es Salaam akiwa kijana, akarudi nyumbani na mkanda mweusi na begi moja. Hakuwa na ukumbi. Tulianzia kwenye uwanja wa shule ya msingi, tukahamia kwenye banda la kahawa la mzee mmoja aliyetuonea huruma, ndipo tukapata ukumbi wa kupanga. Makiwara yetu ilikuwa nguzo ya mgrivea iliyoviringishwa kamba ya katani. Chi ishi, uzito wetu wa mazoezi, tulitengeneza wenyewe: mpini wa jembe, kopo la rangi, na saruji tuliyoomba kwa mafundi waliokuwa wakijenga jirani. Gi yangu ya kwanza ilishonwa kwa amerikani na fundi wa barazani aliyeifuata kwenye picha. Jumapili alfajiri, kabla ya ibada, tulikimbia kutoka Majengo hadi Kiboriloni na kurudi, na Mwalimu alikuwa nyuma, si mbele, ili asiachwe mtu njiani.

Alitujua sote. Alijua nani amekula na nani hajala, nani amefanya mtihani wa mkanda na nani bado, nani amelipa ada na nani amesamehewa kwa sababu baba yake amelazwa hospitali ya KCMC. Hakuandika popote. Kichwa chake ndicho kilikuwa ofisi ya dojo, na sisi tuliona fahari kuwa na mwalimu mwenye kumbukumbu kama ile.

Kisha akafa. Tulimzika kihambani kwake, kando ya migomba, na wanafunzi wake wawili wa kwanza hawakusalimiana kaburini.

Kila mmoja alisema Mwalimu alimwambia faraghani, wewe ndiye utakayeshika. Mimi naamini wote wawili walisema kweli. Mwalimu alikuwa mtu wa kutia moyo, na neno la kumtia mtu moyo siku ya Jumanne linaweza kusikika kama wosia siku ya msiba. Lakini hapakuwa na karatasi, wala shahidi, wala siku aliyotuita sote akasema. Mwezi haukuisha tukawa na madojo mawili yenye jina moja. Akaja kijana aliyekuwa Mwanza kwa miaka minane, amevaa mkanda mweusi, akisema alipewa na Mwalimu kabla hajasafiri. Nusu yetu walisema kweli, nusu wakasema uongo, na yule kijana aliondoka Moshi akiwa amedharauliwa mbele ya watoto. Hadi leo sijui kama tulimdhulumu. Mwenye ukumbi naye akatuambia makubaliano yake yalikuwa na marehemu, si na sisi, akapangisha wengine. Hakukosea, maana hatukuwa na mkataba.

La mikeka ndilo linalonikosesha usingizi. Tulikuwa tumechanga kwa miezi kumi na minne ili tununue mikeka, na fedha ilikuwa kwenye simu ya Mwalimu. Familia ilichukua simu, kama ilivyo haki ya familia yoyote. Basi watu wazima watatu, wenye mikanda myeusi, walikwenda kwa mjane akiwa bado amejifunga kitambaa cha msiba, wakamwuliza habari ya hela. Mama yule alitupikia uji miaka yote hiyo. Alijibu kwamba hajui, na kweli hakujua, na nasikia aliwaomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi. Mimi nilikuwa mmoja wa wale watatu.

Ndugu zangu, hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa watu tusio na daftari.

Najua tunapenda kuzungumzia waasisi, nami napenda kuliko wengi. Jioni tukimaliza kumite na jasho likikauka, kila mmoja ana kisa chake. Hatuna budi kuvisimulia, maana wazee hawa walitoa maisha yao. Mwaka 1973 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi, alianzisha Goju-ryu katika shule ya Zanaki, Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ambayo Wamarekani Weusi waliitazama Tanzania ya Mwalimu Nyerere kama nyumbani. Pete O'Neal wa Black Panther aliingia nchini mwaka 1972, na baadaye akajenga Imbaseni, kwenye barabara hii hii yetu ya kwenda Arusha. Juni 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokea Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika. Na Julai 1973 Bruce Lee alikuwa amefariki, huku vijana wa mijini wakipanga foleni kutazama filamu za kung-fu na kurudi nyumbani wakirusha mateke uchochoroni. Filamu iliwapa hamu. Zanaki iliwapa mtu wa kuwasahihisha goti, kiuno na pumzi, jioni baada ya jioni, na kutoka pale wakatoka walimu waliotawanyika mikoani na ng'ambo.

Wengi wetu tunaofanya Goju-ryu hapa mlimani tunasema ukoo wetu umetoka Zanaki. Sasa nawaomba kila mmoja ajiulize, kimyakimya, bila aibu: mwalimu wangu alifundishwa na nani, mwaka gani, alipewa mkanda na nani mbele ya nani? Nilijaribu mwenyewe. Nilifika hatua moja nyuma, nikakwama. Nusu karne tu imepita, na mashahidi wengine bado wako hai, lakini kila mwaka wanapungua.

Tazameni pia wenyewe walioanzisha sanaa hizi. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alifungua dojo lake la Kodokan mwaka 1882 katika vyumba vya hekalu la Eishoji, Tokyo, mikeka kumi na miwili na wanafunzi tisa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, mwalimu wa shule, na alifanya kazi ya kutafsiri vitabu usiku ili kulipia gharama za dojo. Alikuwa mdogo kuliko wengi wenu mnaosoma barua hii. Lakini kijana yule aliweka kitabu cha kujiandikisha, na kila aliyeingia alitia jina lake. La kwanza ni la Tsunejiro Tomita. Mwaka uliofuata akatoa daraja za kwanza za dan, kwa Tomita na Shiro Saigo, na hata leo hakuna anayebishana ni nani alipewa, maana imeandikwa. Mkanda mweusi tunaojivunia sisi wa karate tuliuazima kwake. Tuliazima mkanda, tukaacha kitabu.

Gichin Funakoshi, mwasisi wa Shotokan, alipokwenda Tokyo mwaka 1922 alikuwa mwalimu mzee wa shule mwenye umri wa miaka zaidi ya hamsini. Alikaa katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, akafagia vyumba, akalinda lango usiku na kutunza bustani ili apate pa kulala. Alifika mahali akapeleka rehani kofia yake na vazi lake. Nawatajia hili ninyi mnaofundisha bila malipo na kurudi nyumbani kwa miguu kutoka Rau au Soweto: hamko peke yenu, wala umaskini wenu si ushahidi kwamba mmeshindwa. Yeye pia aliandika. Vitabu vyake ndivyo vilivyomfikisha asikofika.

Sasa Chojun Miyagi, babu yetu sisi wa Goju-ryu. Mtu huyu alitumia mali ya familia yake kujifunza. Aliupa mtindo wake jina la ugumu na ulaini, baada ya mwanafunzi wake Jin'an Shinzato kuulizwa huko Tokyo mwaka 1930 mtindo wao unaitwaje na kukosa jibu la hakika. Karibu na mwaka 1940 alitunga kata za Gekisai ili watoto wa shule wapate njia ya kuingilia, na ndizo hizi tunazowafundisha watoto wetu Jumamosi. Kisha vita vya Okinawa vya mwaka 1945 vikamnyang'anya Shinzato, vikamnyang'anya baadhi ya watoto wake mwenyewe, na maandishi yake. Alifariki Oktoba 1953 bila kumtaja hadharani atakayemrithi. Wanafunzi wake wakubwa, watu wema na hodari, Seiko Higa, Meitoku Yagi, Eiichi Miyazato, kila mmoja akawa na njia yake, na sisi wa leo bado tunaulizana ni njia ipi iliyonyooka. Miyagi ana udhuru: vita vilimpitia nyumbani. Sisi udhuru wetu ni upi?

Na Masutatsu Oyama, ambaye vijana wanampenda kwa habari za kupigana na mafahali, na kwa kisa kinachosimuliwa kwamba alijifungia mlimani akanyoa nyusi ya jicho moja ili aone haya kurudi mjini. Kila mwaka nampata kijana anayetaka kupanda juu ya Marangu akajifungie msituni kama Oyama. Namwambia asome mpaka mwisho. Oyama alifariki Aprili 1994, akiwa amejenga chama cha Kyokushin kilichoenea duniani, na wosia wake ukapelekwa mahakamani. Chama kile kikubwa kikapasuka vipande. Mtu aliyekabili fahali hakuweza, akiwa kitandani mgonjwa, kupanga kwa utulivu jambo alilopaswa kulipanga akiwa mzima.

Ndiyo maana nawaandikia. Fungueni daftari sasa, mkiwa wazima.

Nataka niseme kwa undani ni daftari gani, kwa sababu najua tukiambiwa hivi tunanunua kitabu, tunaandika ukurasa mmoja, kinabaki kabatini. Chukueni lile jeusi la kaunta lenye jalada gumu. Mwanzo kabisa andikeni dojo lilianza lini, wapi, na nani, na huyo alifundishwa na nani kwa kadiri mnavyojua kwa hakika. Msichokuwa na hakika nacho, acheni nafasi wazi. Nafasi wazi ni heshima zaidi kuliko jina la kubuni. Kisha majina: kila mwanafunzi, siku aliyoingia, mzazi wake na namba ya simu. Siku ya mtihani wa mkanda, andikeni papo hapo, aliyetahini atie sahihi, na mwanafunzi mmoja mkubwa atie sahihi kama shahidi. Cheti kinaweza kuliwa na mchwa au kughushiwa kwa elfu tano dukani. Daftari lenye sahihi za watu watatu waliokuwepo ni vigumu kulidanganya.

Fedha ziwe na ukurasa wake, na zisikae kwenye simu ya mwalimu. Hapa naomba msinichukie. Najua wengi wenu ni waaminifu, tena mnatia hela zenu wenyewe. Mwalimu wangu alikuwa hivyo hivyo, na uaminifu wake haukumkinga mkewe na maswali yetu. Teueni mzazi mmoja awe mtunza hazina, fedha za michango zikae penye majina mawili au matatu, na kila mwisho wa mwezi zisomwe mbele ya watu. Mlimani hapa si jambo geni. Babu zetu waliuza kahawa kupitia ushirika tangu KNCU ilipoundwa mwaka 1933. Mkulima alipeleka gunia, likapimwa mbele ya macho yake, akapewa karatasi. Babu yangu alizihifadhi karatasi zile kwenye kopo la biskuti juu ya dari, pamoja na cheti cha ubatizo. Hakuona kwamba kudai risiti ni kumtukana karani.

Na mrithi. Mwiteni mtu huyo akiwa anawaona, mbele ya dojo zima, mseme: nikisafiri, nikiugua, nikifa, huyu ndiye atakayeongoza mazoezi, na hawa wawili watamsaidia. Andikeni, tieni sahihi. Akikosea miaka miwili baadaye, badilisheni, andikeni tena. Msimchague kwa sababu anapiga teke la juu kuliko wengine. Tafuteni anayefika wa kwanza na kufagia, ambaye watoto hawamwogopi, na ambaye akikosolewa hanuni. Na tafadhali, pale alipo msichana mwenye sifa hizo, msimruke.

Kuhusu watoto nitasema kwa ukali, kwa kuwa nina haki ya ukali hapa. Dojo si mahali pa kumfungia mtoto peke yake na mtu mzima, hata awe mwalimu mwenye sifa gani. Mazoezi ya ziada yawe mlango wazi, au mzazi awepo. Aliyepigwa kichwani akaona kizunguzungu hapigani tena siku ile, hata akililia kuendelea, na mzazi ataarifiwa jioni ile ile na tukio kuandikwa daftarini. Mkimsikia mtoto akisema jambo linalowatisha, msilifunike kwa jina la dojo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, ofisi ya ustawi wa jamii ipo, na namba 116 hupigwa bila malipo. Dojo linalofunika aibu ya namna hiyo halistahili kuendelea hata wiki moja.

Ambao hamjasajili, anzieni kwa afisa michezo wa halmashauri yenu. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ni ya mwaka 1967, imeyatangulia madojo yetu yote, na klabu yenye katiba na usajili inaweza kusaini mkataba wa ukumbi kwa jina lake. Hapo mwalimu akiondoka, ukumbi haumfuati kaburini.

Wapo walioniambia, Sensei, karate iko moyoni, haiko kwenye makaratasi. Nimelisikia neno hili na nalichukulia kwa uzito, kwa sababu aliyeniambia wa kwanza ni mtu ninayemheshimu. Kweli, kata ya Sanchin haiandikiki. Hakuna daftari litakalomfundisha kijana kukaza tumbo na kulegeza mabega kwa wakati mmoja. Lakini moyo wa mwalimu wangu tulikuwa nao wote siku ya mazishi, umejaa ndani yetu, na bado tuligombana. Tulichokosa kilikuwa kidogo sana kuliko moyo. Kilikuwa ukurasa mmoja.

Wengine wananong'ona kwamba tukiandika hesabu tutadaiwa kodi, au mtu atatumia majina kuanzisha dojo lake. Anayetaka kuwachukua wanafunzi wenu atawachukua na bila daftari, kwa kuwapigia simu mmoja mmoja. Na kama kuna fedha inayoogopa kuandikwa, ni vyema tujue mapema ni ipi.

Wale ndugu wawili wa dojo letu wanazungumza sasa. Haikuwa rahisi, na si mimi niliyewapatanisha, ni Mama. Aliwaita kihambani siku ya kumbukumbu ya mumewe, akawapa kila mmoja jembe, wakapalilia kaburi pamoja. Jina la dojo bado linatumiwa na wote wawili, na sidhani litakuja kuwa moja tena. Yule kijana wa Mwanza nimemtafuta, sijampata. Kama yuko mtu anayesoma hapa na anamjua, amwambie kwamba mlango wangu uko wazi, na kwamba nataka kumwomba radhi kwanza, ya mkanda tuyazungumze baadaye.

Tukutane Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, saa tatu asubuhi, hapa Majengo dojoni kwangu. Tutafanya mazoezi ya pamoja kwa saa moja, halafu tutakaa. Kila dojo lije na daftari lake, hata kama lina ukurasa mmoja, na kila mwalimu aje na mtu aliyemteua. Wazee mliojifunza miaka ya sabini na themanini, njooni hata kama hamfanyi tena mazoezi. Tutakaa nanyi mmoja mmoja na kalamu. Mama atakuwepo. Daftari langu lina majina mia moja na manne hadi leo, na kurasa mbili za mwanzo ni mwandiko wake, kwa kuwa alikumbuka watoto waliokuja kunywa uji ambao sisi wote tulikuwa tumewasahau.

Mwalimu mwenzenu,
Majengo, Moshi